Mama kutoka Tanga, wifi mjamzito na shamba la kondoo Eryri: twende lini, tulale wapi?

*Swali: Sisi ni familia tunayoishi Leicester. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tunataka kumpeleka wiki moja kwenye nyumba ya shambani kule milimani Wales, Snowdonia, na watoto (miaka 6 na 10) wanatamani kuona kondoo wakizaa. Tutakuwa pia na wifi yangu, ambaye ana mimba changa. Twende Pasaka au Agosti? Tuchukue vyumba kwa mwenye shamba anayewapikia wageni asubuhi, au nyumba ya kujipikia wenyewe? Tunakula halali. Na je, tukae karibu kabisa na mlima mkubwa?*

Dada yangu, umeuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini nitaanza na la wifi kwa sababu ndilo linaloamua tarehe. Pasaka msiende.

Kwenye mashamba ya juu ya Eryri (hilo ndilo jina la Kiwelishi la Snowdonia, na tangu Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi imeamua kutumia hilo) kondoo huzaa kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei, wengi wao Aprili. Kule juu nyasi huchelewa kuota, na mfugaji hataki kondoo wake anyonyeshe wakati malisho bado hayajarudi. Kwa hiyo likizo ya Pasaka huangukia katikati ya msimu wenyewe, labda iwe mwaka ambao Pasaka inakuja Machi, ambapo shamba la juu huenda hata halijaanza. Wazazi wengi wanaipenda wiki hiyo kwa ajili ya watoto, nami huwaambia waende. Mjamzito ndiye asiyepaswa kwenda.

Sababu ni magonjwa yanayowafanya kondoo watupe mimba. Vijidudu vyake vinaweza kumdhuru mjamzito na mtoto aliye tumboni, na hukaa kwenye kondo la nyuma, damu, maji ya uzazi, na majani makavu yanayotandikwa zizini. Vinasafiri pia kwenye buti na nguo. Wengi hufikiri inatosha wifi asiguse kondoo, haitoshi. Shemeji akiingia zizini na watoto, akarudi na buti zilezile hadi sebuleni, na wifi akaokota nguo za watoto kwenda kuzifua, amekwisha kukaribia alichokuwa anakikwepa. Idara za afya za Uingereza hutoa onyo hili kila majira ya kuchipua, na mfugaji yeyote makini atakuambia mwenyewe ukimtajia kuwa mna mjamzito. Mtajieni. Asipojali, tafuteni shamba jingine.

Najua watoto watanuna, maana hayo wanayotaka kuyaona yana utamu wake. Asubuhi ya Aprili mwenye shamba hupita na kopo la rangi akimwandika kondoo namba ubavuni, kisha wanawe namba hiyohiyo: mama 47, watoto 47 na 47. Watoto wa watu wanaweza kukaa ukutani saa nzima wakioanisha. Wapo wanakondoo yatima wanaowekwa ndani ya boksi karibu na jiko la chuma la jikoni ili wapate joto. Na lipo jambo ambalo mtoto wa miaka 6 anaweza kulisimulia shuleni akaonekana mwongo: kondoo aliyefiwa na mwanawe hukataa kumnyonyesha wa mwenzake, basi mfugaji humchuna yule aliyekufa na kumvisha yatima ngozi ile kama koti. Mama ananusa, anasikia harufu ya mwanawe, anamruhusu kunyonya. Baada ya siku chache koti linavuliwa.

Hayo yatasubiri mwaka mwingine. Mwaka huu nendeni wiki ya mwisho wa Mei, shule zinapofungwa kwa mapumziko mafupi. Kuzaa kumekwisha karibu kote, wanakondoo wana umri wa wiki kadhaa na wanakimbizana makundi kwa makundi jioni, na mashamba mengi bado yana yatima wawili watatu wanaonyweshwa chupa. Hao watoto wako watawapenda. Wifi akae nao mbali na asishughulike na nguo zilizotoka huko. Aprili hadi Juni ndiyo miezi yenye mvua kidogo zaidi, na mwisho wa Mei mwanga unadumu hadi karibu saa nne usiku. Agosti bei iko juu kuliko wakati wote wa mwaka, barabara zimejaa, na kondoo walishanyolewa na kurudishwa mlimani, hivyo watoto wataona madoa meupe kwa mbali. Wifi naye awasiliane na mkunga wake kabla hamjalipa: hospitali kubwa za eneo zenye wodi ya wazazi ziko Bangor na Aberystwyth, na kutoka mashamba mengi ya kusini ni mwendo wa saa moja au zaidi.

Watoto nao wana sharti lao. Baada ya kushika mnyama, geti au uzio, wanawe kwa maji na sabuni. Jeli ya mikono haiui vijidudu vyote vya kinyesi cha mifugo, kwa hiyo ile chupa ndogo unayotembea nayo kwenye mkoba haisaidii hapa.

Sasa malazi. Nyumba ya kujipikia, bila kusita. Kulala kwa mwenye shamba na kupikiwa asubuhi kuna raha yake: unakaa meza moja na watu, unasikia Kiwelishi kikizungumzwa (zaidi ya nusu ya wakazi wa Eryri wanakijua), na mama angepata wa kuongea naye kwa ishara. Lakini chai ya asubuhi ya Wales imejengwa juu ya nguruwe. Mwenyeji mwema atakukaangia mayai peke yake, akajitahidi kweli, ila kikaangio ni kilekile. Na mama wa miaka 68 aliyezoea chai yake ya maziwa saa kumi na mbili asubuhi hatapenda kungoja saa mbili na nusu ateremke kwenye meza ya watu.

Hata kwenye nyumba ya kujipikia, sufuria zimepikiwa kila kitu. Bebeni sufuria zenu mbili na kikaangio kimoja, hamtakuwa wa kwanza. Nyama nunueni Leicester, igandisheni, mwende nayo kwenye boksi la barafu. Bangor ni mji wa chuo kikuu na una msikiti, lakini kutoka upande nitakaowaelekeza ni mbali mno kufuata kilo mbili za nyama. Muulizeni mwenye nyumba kama friza ni kamili au ni kile kisanduku kidogo ndani ya friji. Na kabla shemeji hajapata wazo la kumnunua kondoo mmoja na kumchinjia palepale uani, sheria hairuhusu: kuchinja kwa halali bila kumzimisha mnyama kwanza hufanyika kwenye machinjio yaliyoidhinishwa tu.

Swali jingine ambalo matangazo hayalijibu ni la mbwa. Mbwa wa kondoo wa shambani hulala nje na hana haja na nyumba yenu. Tatizo ni wageni waliotangulia. Nyumba nyingi za likizo Wales hutangazwa kuwa zinapokea mbwa, maana yake wiki iliyopita kuna aliyelala kwenye zulia na pengine kwenye kochi mtakaloswalia karibu yake. Kama mnajali, tafuteni iliyoandikwa wazi kwamba mbwa hawaingii. Zipo, ila huwahi kujaa. Na chooni hakuna bomba la kujisafishia, bebeni kopo.

Kuhusu magoti ya mama, neno "nyumba ya shamba" lisikudanganye. Nyumba kuu ya zamani ya Eryri ina kuta za mawe zinazokaribia unene wa mita moja, ngazi za mbao zilizosimama wima, na bafu huko juu. Watu huilipia zaidi kwa sababu ina sura ya kadi ya posta. Mama yako ataipanda mara moja, ashuke kwa kukaa. Mnachokitaka ninyi ni zizi la ng'ombe. Sisemi kwa dhihaka: mazizi ya zamani ya mawe yamegeuzwa nyumba nzuri sana, na kwa kuwa ng'ombe hapandi ghorofa, nyingi zina chumba cha kulala na bafu chini. Ulizeni hivi: kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mama kuna vidato vingapi, na bafu ni la kuingia kwa kuvuka ukingo au la kuoga kwa kusimama? Mtakuwa watu sita, kwa hiyo takeni vyumba vitatu, kimoja chini.

Joto ni la pili. Mtu wa Tanga anaijua baridi ya Lushoto, lakini ya huku ni nyingine. Ina upepo na unyevu wa Atlantiki, na kuta nene zikipoa huchukua siku nzima kupata moto. Usiku wa Mei bado unaweza kushuka hadi nyuzi 5. Ulizeni nani anawasha na kuzima joto la nyumba, ninyi au mwenye nyumba kwa saa alizopanga. Ulizeni kama umeme na mafuta vimo ndani ya bei au mita itasomwa siku ya kuondoka. Jiko la kuni sebuleni ni pambo zuri, ila lisiwe ndilo joto lenu pekee. Mama akiamka alfajiri kuswali akakuta nyumba ya baridi, safari imekwisha kwake hata kama mandhari ni ya peponi.

Maji mara nyingi si ya bomba la kampuni. Mashamba mengi yana chemchemi au kisima chao, yanachujwa na kupitishwa kwenye taa ya mionzi inayoua vijidudu, na halmashauri hupima. Ni maji matamu. Ila umeme ukikatika taa ile imezimika, basi chemsheni ya kunywa mpaka mwenye shamba awaambie mambo yametulia. Kwa mjamzito mimi ningechemsha tu.

Wapi sasa. Umeuliza kuhusu mlima mkubwa, na hapa nitakupinga kidogo. Yr Wyddfa, ambao Waingereza huuita Snowdon, una mita 1,085. Mji wa Lushoto wenyewe uko juu zaidi, kama mita 1,400. Mlima huo ukubwa wake hauko kwenye urefu. Uko kwenye hali ya hewa. Vilele vya Eryri hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Tanga, na wingu linaweza kukaa juu ya mlima siku tatu mfululizo. Watu hulipia dirisha linalotazama kilele, wakakaa wiki nzima wakitazama ukungu. Kwa familia yenye bibi, mjamzito na mtoto wa miaka 6, nyumba huchaguliwa kwa ajili ya siku ya mvua. Siku ya jua haina shida, popote mtakapokuwa mtapata pa kwenda.

Ndiyo maana nawaelekeza kusini, pande za Dolgellau, kwenye mabonde yanayoteremka kutoka mlima Cadair Idris kwenda baharini. Kutoka Leicester mnapita Shrewsbury na Bala; tengeni saa nne mkihesabu vituo. Faida kubwa ya huko ni kwamba pwani iko karibu na hupata mvua ndogo kwa mbali kuliko milima. Mara nyingi asubuhi bonde limefunikwa, mnaendesha dakika ishirini hadi Barmouth, mnakuta mchanga mkavu na watoto wanachimba. Wenyeji hufanya hivyo kila mara. Wageni hukaa dirishani wakisubiri.

Dolgellau na Barmouth zimeunganishwa na njia ya Mawddach, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya miguu na baiskeli, kama kilomita 15, tambarare tupu kandokando ya mlango wa mto. Mama anaweza kutembea robo saa, akakaa kwenye benchi, akarudi, na ameona milima pande zote bila kupanda hata mmoja. Karibu na Barmouth kuna daraja la mbao la reli lililofunguliwa mwaka 1867, bado treni zinapita na watu wanatembea pembeni. Siku ya mvua kabisa nendeni Tywyn mkapande treni ya mvuke ya Talyllyn. Ilianza 1865 kubeba mawe ya kuezekea, na mwaka 1951 ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mnakaa ndani, mnapita mashambani katikati ya kondoo, mtoto wa miaka 10 anapewa historia na wa miaka 6 anapewa moshi. Ngome ya Harlech, iliyoanza kujengwa 1283, iko karibu pia, ila ina ngazi. Mama aitazame kutoka nje na kikombe cha chai.

Na kama ni lazima mama akanyage Yr Wyddfa, ipo treni kutoka Llanberis inayopanda tangu 1896, saa moja kupanda na kituo kifupi juu. Kateni tiketi mapema na mjue kwamba upepo mkali huisimamisha. Shemeji akitaka kupanda kwa miguu na yule mkubwa, wachukue njia ya Llanberis, ndefu lakini ya wazi. Wasije wakafuata watu kuelekea Crib Goch, ule ukingo mwembamba wa mwamba. Kila mwaka vikosi vya uokoaji vya kujitolea hupanda kuteremsha watu waliodhani ni njia kama nyingine. Koti la mvua, chakula, na muda wa kugeuka. Kupiga simu 999, omba polisi, kisha uombe uokoaji wa milimani.

Usiwaahidi watoto hifadhi ya taifa kama ya Saadani. Eryri ilitangazwa hifadhi mwaka 1951, ina kilomita za mraba zipatazo 2,130, lakini haina geti wala kiingilio, na ndani yake wanaishi watu wapatao 25,000. Sehemu kubwa ni mali ya watu: mashamba, misitu, vijiji. Geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi, hata kama limefungiwa kamba ya buluu ya marobota na linaonekana kama halina mwenyewe. Lina mwenyewe, na anajua kondoo gani walikuwa upande gani.

Barabara ya kufika shambani ndiyo huwatisha madereva wa Leicester. Upana wa gari moja, ukuta wa mawe huku na huku, majani yanagusa vioo. Mkikutana na gari, aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayerudi nyuma, na mkikutana na trekta yenye tela, mnarudi ninyi. Gari la viti saba linapita, ila shemeji awe hodari wa rivasi. Msitegemee ramani ya simu kwa msimbo wa posta, kwani huku msimbo mmoja hubeba mashamba yaliyotawanyika, na mtandao hukatika bondeni. Ombeni maelekezo ya maneno, myachapishe kwenye karatasi. Kwenye vijiji vingi mwendo ni maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023, na kamera zipo.

Mnapochagua, hakikisheni ni shamba kweli. Nyumba nyingi zenye neno "shamba" kwenye jina ziliuzwa zamani bila ardhi. Aliyenunua anakodisha kutoka mbali na kondoo mnaowaona ni wa jirani. Swali moja linatosha: "Mnafuga wenyewe, na watoto wanaweza kutembea nanyi mkilisha?" Nami napendelea wale wanaofuga kwa sababu nyingine. Vijiji vya Gwynedd, kaunti ya huko, vimepoteza nyumba nyingi kwa wanunuzi wa likizo mpaka vijana wa hapo hawapati pa kuishi, na Septemba 2024 halmashauri ilileta sharti la kibali kwa anayetaka kugeuza makazi ya mtu kuwa nyumba ya wageni. Zizi lililogeuzwa ndani ya shamba linalofanya kazi halimfukuzi mtu, na pesa yenu inabaki kwa familia ambayo kondoo peke yao hawailishi.

Kuna sheria nyingine inayowasaidia ninyi. Tangu Aprili 2023 nyumba ya likizo Wales lazima ikodishwe siku 182 kwa mwaka ndipo itozwe kama biashara. Isipofika, inaweza kurudishwa kwenye kodi ya halmashauri, na mara nyingi yenye nyongeza kubwa. Kwa hiyo mwenye nyumba ambaye hesabu haijatimia husikia maombi ya bei. Kwa wiki ya Mei msitarajie sana. Lakini mkitaka kurudi Novemba kwa siku nne, ongeeni naye.

Wasilianeni na shamba moja kwa moja, na kwa simu ni bora kuliko barua pepe. Pigeni jioni baada ya saa mbili, watu wakiwa wametoka malishoni. Mtaombwa malipo ya awali, na salio wiki kadhaa kabla ya kufika. Ulizeni mapema nini kitatokea mkiahirisha, maana viza ya mama inaweza kuchelewa na mimba ya wifi haina ratiba. Mwenye shamba mara nyingi atakubali kusogeza tarehe, mradi mmemwambia kabla na si wiki ya mwisho. Kawaida mnaingia saa kumi jioni na kutoka saa nne asubuhi. Mkiwa na mama, ombeni mruhusiwe kufika mapema kidogo, muwahi kuwasha joto kabla jua halijazama.